Nani Ameing'oa Safu ya Tatu?

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kusemeshana na mtu, Fundi Sofa alikuwa na ibada yake. Alitoka nje na kitambaa laini, akalifuta gari lake jipya kuanzia taa za mbele, zile nyembamba, zilizochongoka kama macho yaliyopakwa wanja, mpaka mlango wa nyuma. Kisha alifungua milango yote akakaa kidogo katika kila kiti. Cha dereva. Cha pembeni yake. Safu ya pili, kushoto, katikati, kulia. Mwisho kabisa alipenya kwenda safu ya tatu, kama mtu anayejiwekea kipande kitamu cha mwisho.

Asubuhi ile alipenya, akageuka, akajishusha kwa imani yote.

Hakukuwa na kiti.

Hapo ndipo tulipoachana naye Jumamosi iliyopita, msomaji: yuko chali sakafuni mwa gari, miguu juu, macho yanatazama mawingu kupitia paa la kioo. Safu ya tatu nzima haipo. Yamebaki matundu ya nati na harufu ya ngozi mpya.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Wamenimaliza! Wameniibia nyuma!"

Mke wake, ambaye mtaa mzima unamwita Msusi kwa sababu ya saluni yake iliyo ng'ambo ya barabara, alitoka mlangoni na kikombe mkononi. Hakukimbia. Alisimama tu, akamtazama mumewe anavyojikunjua kutoka kwenye buti.

"Umeumia, Baba Watoto?"

"Kiti, Mama Watoto! Kiti hakipo!"

"Nimekuuliza kama umeumia."

"Waliokichukua wanajua kazi," akasema Fundi, anapapasa matundu. "Hawakukwaruza hata kidogo. Mshono ule! Uzi maradufu, mstari haupindi popote! Mimi nashona makochi tangu ujana wangu na sijawahi kuupata mstari ule."

Msusi alimeza chai yake.

Tukumbushane kidogo, halafu tukimbie. Fundi alikwenda kununua gari la kubebea mbao. Akaliona hili limesimama pembeni, kiuno kimeingia, mabega yametoka, rangi ya zambarau iliyoiva. Akafungua mlango ili aone tu. Akauona mshono. Mbao akazisahau hapohapo. Alirudi nyumbani na viti saba, wakati nyumba yake ina watu wawili, maana watoto wameshaolewa na kuoa.

Msusi hakukasirika. Alizunguka gari, akapitisha kidole kwenye kiti cha mbele, akasema, "Ni zuri." Akapanda. Akakaa mbele, karibu na mumewe, na wakatoka kwenda kuzunguka mji kama wachumba.

Walifika kona ya kwanza tu. Dada Mkubwa, dada yake Fundi, alikuwa amesimama barabarani amenyoosha mkono.

Dada Mkubwa ana kichefuchefu. Asipokaa mbele, anatapika. Basi Msusi akahamia safu ya pili. Wiki iliyofuata wakaja binamu wawili wenye miguu mirefu, na Shemeji, mume wa Dada Mkubwa, ambaye huanza kusinzia kabla injini haijawaka. Msusi akahamia safu ya tatu, pamoja na mikoba ya watu. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza.

Na leo ndiyo leo. Binti yao amejifungua. Mjukuu wa kwanza! Mji wenyewe uko mbali, ng'ambo ya milima, safari ya kutwa. Msusi ametengeneza nywele zake mwenyewe, kwa vioo viwili. Amezipandisha juu, ghorofa juu ya ghorofa, kazi ya kumwonyesha bintiye. Ukizitazama nywele hizo unajua kitu kimoja: hazienei safu ya tatu, ambako paa linashuka. Zinaenea mbele tu.

Wewe umeziona. Fundi hajaziona.

"Naita Afande," akasema Fundi.

Afande ni jirani, mlinzi wa benki aliyestaafu. Anavaa buti mpaka leo. Alifika na tochi, ingawa jua lilikuwa limeshatoka.

"Asiguse mtu kitu," akaamuru. "Jana jioni ulikuwa wapi, Fundi?"

"Nilikwenda kutazama mpira. Kwani mimi ndiye mshukiwa?"

"Najibu au nauliza? Mpira uliisha vipi?"

"Tulifungwa."

"Pole." Afande akaingiza kichwa ndani ya gari. Akamulika. Akainama. Akaokota kitu chembamba, cheusi, kilichopinda.

"Nini hicho?" Fundi akauliza.

"Hakuna."

"Nimeona umeokota."

"Uchafu tu." Afande akakitia kitu kile mfukoni haraka, jasho likamtoka juu ya mdomo. "Mwizi hakuacha alama. Kesi ngumu hii. Mimi ningeshauri usamehe."

"Nisamehe? Safu nzima?"

"Una mbili nyingine."

Kabla Fundi hajajibu, Dada Mkubwa akatokea na msafara wake. Mbele yeye, mkoba kwapani, kipande cha tangawizi kinywani. Nyuma binamu wawili, wamevaa miwani ya jua, wanajipiga picha na gari kabla hata ya kusalimia. Mwisho Shemeji, anatembea huku amefumba macho.

"Mdogo wangu, hamjambo? Tunachelewa." Dada Mkubwa hakusubiri jibu. Alifungua mlango wa mbele, akaingia, akafunga mkanda, akabonyeza kitufe. Injini ikaguna kwa adabu. Kiyoyozi kikaanza. "Aaah," akasema. "Gari hili lina heshima. Ukikaa humu hata adui yako anakuamkia."

"Dada, tumeibiwa."

"Nini?"

"Safu ya tatu."

Dada Mkubwa aligeuza shingo, akatazama nyuma. Binamu na Shemeji walikuwa wameshajipanga safu ya pili, begani kwa bega. Nyuma yao, uwazi mtupu.

"Afadhali," akasema. "Mikoba itapata nafasi."

"Lakini Mama Watoto..."

"Wifi? Wifi abaki. Nyumba haiwezi kuachwa peke yake siku ya wizi. Tutampigia picha mtoto, atamwona kwenye simu."

Hata binamu waliacha kujipiga picha.

Msusi alimtazama mumewe. Alisubiri. Kilichohitajika kilikuwa kidogo sana, msomaji. Angegeuka tu, akauliza, "Na wewe utakaa wapi?" Basi. Ametamani kuulizwa hivyo tangu siku ile ya kona ya kwanza.

Fundi alikuna kichwa. "Sasa," akasema, "sijui waliitoa kwa spana namba ngapi?"

Msusi aliweka kikombe chini. Akavuka barabara kwenda saluni kwake, nywele zake ndefu zikiyumba kama mnara wenye hasira.

"Huyo naye kachukia nini?" akauliza Dada Mkubwa.

Hapo ndipo sauti nene ya mwanamke iliposikika kutoka saluni. Ilikuwa ya Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, na sauti ya Mwalimu Mkuu haihitaji kipaza sauti.

"Fundi! Fundi wewe! Hongera! Benchi lako jipya ni raha tupu!"

Fundi akaganda.

Yeye hajatengeneza benchi. Mkewe alimwomba benchi la wateja tangu mwaka jana, na alijibu kesho mpaka kesho zikamwisha.

Alivuka barabara mbio. Akafunua pazia la saluni.

Msomaji, kaa vizuri.

Chini ya mashine za kukaushia nywele, imefungwa sakafuni kwa nati imara, ilikuwepo safu ya tatu. Nzima. Inang'aa. Juu yake walikaa wanawake wawili waliojaa rola kichwani: kulia Mwalimu Mkuu, kushoto Nesi wa zahanati. Wote wawili wamefunga mikanda. Chai yao imetulia kwenye matundu ya vikombe.

"Karibu," Nesi akasema. "Panda, ila nafasi zimejaa."

"Hicho... hicho ni cha gari langu!"

"Tumeambiwa tufunge mikanda, tumefunga," akasema Mwalimu Mkuu. "Sheria ni sheria. Lakini Fundi, nikwambie ukweli, mgongo wangu haujaniuma tangu nikae hapa. Hiki kitu kinakukumbatia kama mama mzazi. Na wewe ulikuwa umekificha nyuma huko?"

"Kinaegemea pia," Nesi akaongeza, akavuta kishikio. Akalala taratibu, rola zake zikagonga ukuta. "Ona! Mimi nimeshafika."

Fundi alipiga magoti. Msusi, aliyesimama kwenye kioo na kitana mkononi, moyo ukamruka. Alidhani mumewe anampigia magoti yeye.

Fundi alikuwa anakagua mshono.

"Haujakwaruzika," akapumua. "Mungu mkubwa. Nani kafanya hivi?"

"Mimi," akasema Msusi.

"Wewe? Kiti kizito hivi? Na nani?"

Pazia likafunuka. Afande alikuwa amesimama pale, buti zimebanana, saluti juu. "Na mimi," akasema. Akatoa mfukoni kile kitu cheusi. Ilikuwa pini ya nywele. "Nimeshindwa kuvumilia. Nimelinda benki miaka yote bila doa, leo nimeficha ushahidi. Mkeo aliniomba jana jioni nimsaidie. Aliniomba kwa upole, na mimi upole siuwezi."

"Kwa nini, Mama Watoto?" Fundi akasimama. "Ulitumia spana gani? Ulianza na nati ya ndani au ya nje? Uliziweka wapi? Na kile kifuniko cha plastiki..."

"Jamani!" Mwalimu Mkuu akapiga makofi kama anayenyamazisha darasa. "Huyu mwanamume anauliza nati!"

Nesi akatikisa kichwa. Rola moja ikadondoka.

Msusi aliweka kitana chini. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa sababu ilikuwa ndogo, mashine za kukaushia zilizimwa ili isikike.

"Nimeng'oa kiti changu, Baba Watoto. Changu mwenyewe. Wengine wote nimewaachia vyao. Nilisema, kikikosekana, labda utatazama nyuma uone nani hana pa kukaa."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile macho ya Fundi yaliondoka kwenye ngozi, yakapanda, yakafika kwenye nywele. Ghorofa juu ya ghorofa.

"Hizo... umezifanya lini?"

"Tangu alfajiri."

"Haziwezi kuenea nyuma."

"Hapana."

Fundi akamsogelea. "Kwani wewe... ungependa kukaa wapi?"

Swali hilo hapo! Saluni nzima ikavuta pumzi. Na Msusi, baada ya kulisubiri siku zote zile, akaona haya, akainamisha uso.

"Popote tu," akasema.

"Aaaah!" wakalalamika wateja.

"Sema, mama!" Nesi akasema. "Sisi tuko safari moja na wewe."

Msusi akavuta uzi uliotoka kwenye aproni yake. "Mbele," akasema polepole. "Nataka kukaa mbele na wewe. Hata tusipoongea."

Fundi akamshika mkono. "Basi umekaa," akasema. "Mama Watoto, hesabu umeshakaa. Twende!"

Nje honi ikalia. Ndefu. Ilikuwa ya Dada Mkubwa.

Sasa mambo yakaenda mbio. Kwanza kiti kirudi. Afande na Fundi wakalegeza nati. Nesi akafungua mkanda wake, akashuka kwa huzuni ya mtu aliyefika kituo chake. Mwalimu Mkuu akabonyeza wake. Haukufunguka. Akabonyeza tena. Fundi akabonyeza. Afande akabonyeza kwa buti.

"Umekwama," akasema Fundi, na hata hapo kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Umetengenezwa kwa usalama mkubwa sana."

"Nina kikao cha wazazi!"

"Utachelewa kidogo, Mwalimu. Shika chai yako."

Wakambeba. Ndiyo, pamoja na kiti. Fundi mbele, Afande nyuma, Nesi akisimamisha pikipiki kwa mkono. Mwalimu Mkuu alivuka barabara akiwa amekaa wima, rola kichwani, kikombe mkononi, wanafunzi wawili waliokuwa wakipita wakasimama wima wakamwamkia. Akawaitikia kutoka juu kule.

"Mashati ndani!" akawakumbusha.

Mlango wa nyuma ulijifungua wenyewe, kama unavyojua kufanya. Wakaingiza kiti na Mwalimu Mkuu wake. Wakakaza nati. Safu ya tatu ikawa kamili, na Dada Mkubwa, aliyekuwa akitazama yote kwa kioo cha katikati, akapiga makofi mara moja.

"Kumbe kimeonekana! Vizuri sana. Kesi imekwisha. Wifi, ingia huko nyuma, kaa na Mwalimu. Tuondoke."

Unaona kilichotokea? Kiti kilipokosekana, Fundi angeweza kumwambia dada yake nafasi hakuna, abaki. Sasa nafasi ipo. Iko palepale ilipokuwa, chini ya paa linaloshuka.

Msusi alisimama kando ya gari na mkoba wake mdogo wa nguo za mtoto. Hakuomba. Alikuwa ameshasema neno lake la mwaka mzima.

Fundi alizunguka upande wa Dada Mkubwa. Hatua yake ya kwanza ilikuwa ya simba. Alipofika mlangoni alikuwa mtoto. Huyu dada ndiye aliyemlea walipofiwa na wazazi. Alimbeba mgongoni, akamtafutia kazi kwa fundi wa kwanza. Fundi hajawahi kumwambia Dada Mkubwa neno "hapana". Hata anapomkatalia muuza karanga, huwa anatazama kwanza kama dada yake hayupo karibu.

"Dada," akasema taratibu, "huko nyuma kuna kiyoyozi chake peke yake, unajua? Na tundu la kikombe. Mwalimu anasifia sana."

"Mwache asifie."

"Na mgongo wako..."

Dada Mkubwa akamtazama. Akaelewa. Kidole chake kikashuka polepole kwenye kitufe cha mlango. *Kla!* Milango yote ikajifunga. Kioo kikapanda.

Fundi akasema kitu kwa sauti ya chini. Kioo cha gari lile ni kinene. Ndani husikii hata trela likipita. Dada Mkubwa akaonyesha sikio, akatikisa kichwa: *sisikii.*

Akasema tena. *Sisikii.*

Wapita njia wakaanza kusimama. Kinyozi wa jirani alitoka na mteja aliyenyolewa nusu. Nesi alikuwa ameshika rola yake kifuani.

Kisha Dada Mkubwa akafanya jambo baya. Alifungua mkoba wake, akatoa mfuko wake wa plastiki wa kutapikia, akauonyesha kwenye kioo. Akaukunja. Mara moja, mara mbili. Akaurudisha mkobani, akafunga zipu. Halafu akainama juu ya kile kiti cha ngozi, juu ya ule mshono wa uzi maradufu, akajaza mashavu.

Maana yake ilikuwa wazi kwa mtaa wote. Nihamishe, uone.

"Hapana," Fundi akanong'ona. "Ngozi, Dada. Ngozi."

Mashavu yakajaa zaidi. Nyuma, Mwalimu Mkuu akapiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Binamu wakapandisha miguu yao mirefu juu ya kiti. Shemeji akafumbua jicho moja, akaliona linalokuja, akalifumba.

Fundi aliutazama mshono. Mstari usiopinda popote. Mkono wake wenyewe ulijua kwamba hautaweza kuutengeneza ukiharibika.

Kisha akageuka, akamtazama mkewe. Alikuwa amesimama na ule mkoba mdogo, nywele zake zimepigwa na upepo, ghorofa ya juu imeanza kuinama upande mmoja. Hakuinua mkono kuishika. Alikuwa anamtazama yeye tu.

Fundi Sofa akaweka viganja viwili juu ya kioo. Akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika.

"Tapika, Dada!" akapiga kelele, na mtaa mzima ukasikia, na kioo kile kinene kikatetemeka. "Tapika kiti kizima, tapika mpaka kwenye dari! Lakini shuka! Hapo ni pa mke wangu!"